Picha ya Tatu ya Shingo Yangu

Siku ya Jumanne sufuria ilinianguka. Ilikuwa na maharage kidogo tu, na niliishika kwa mkono wa kuume kama siku zote. Vidole vilifunguka vyenyewe. Nilisimama nikatazama maharage yaliyomwagika kwenye udongo, nikaona haya, kwa sababu Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimesimama mbele ya kundi letu la sala hapa Beu, mtaa wetu wa Beni, na kusema kwamba Mungu ameponya shingo yangu.

Sikuwa nimesema bila ushahidi. Nilikuwa na karatasi kutoka Butembo, yenye saini ya Docta Luc: Kaswera, miaka arobaini na moja, mbebaji wa soko la Beni, diski ya shingo, amepona, anaweza kazi. Nakala yake ilipelekwa bureau, yaani ofisi ya wanajeshi, kama walivyoamuru. Kwa ajili ya maneno yale mawili ya mwisho, jina langu lilirudi kwenye orodha yao.

Ilikuwa mwaka 2001. Beni ilikuwa mikononi mwa waasi, na kila mwezi wanajeshi wao walikusanya watu wa kubeba masanduku ya risasi mpaka kwenye vilima ambako motokari hazifiki. Walitutaka hasa sisi wanawake wa soko. Sisi hubeba mzigo mgongoni, na ukanda unaoushika unapita kwenye paji la uso. Mikono inabaki huru, na mwanamke anaweza kupanda mlima na kilo hamsini. Lakini uzito wote unaishia shingoni. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliotangulia waliniwekea sanduku, na siku ya tatu ya safari kitu kililia ndani ya shingo yangu. Toka hapo mkono wa kuume ulikuwa kama wa mtu mwingine.

Hadjara, jirani yangu, alikuwa katika safari ile ile na aliumia vile vile. Yeye ni Mwislamu, anauza mafuta ya mawese, na ana ulimi ambao hata wanajeshi wanauepuka. Tulikwenda Butembo pamoja kumwona Docta Luc.

Docta alitueleza kwa upole. Kati ya mifupa ya shingo kuna diski laini, kama mito midogo. Mojawapo ya kwangu ilikuwa imetoka mahali pake na kukanyaga neva inayoshuka mkononi. Kisha akatuonyesha kamera aliyoileta kutoka Ubelgiji, alikosomea. Ilitengenezwa kwa ajili ya mafundi wa umeme, waone waya unaopata moto kabla haujaungua. Yeye aliitumia kwa watu. Neva ikikanyagwa, mkono unapoa, na kamera inaonyesha baridi kwa rangi ya buluu na joto kwa rangi nyekundu.

Picha ya kwanza alinipiga mwezi wa pili, jua likiwaka. Mkono wa kushoto ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kucha. Wa kuume ulikuwa buluu kutoka juu ya kiwiko. Halafu, kwa majuma sita, walituvuta shingo kila siku, mimi na Hadjara: kidevu ndani ya mkanda wa ngozi, kamba juu ya gurudumu dogo, na upande wa pili mfuko wa mchanga wa kilo nne. Mwezi wa nne nikapigwa picha ya pili. Mikono yote ilitoka myekundu, na ule mgonjwa ulikuwa mwekundu kuliko mwenzake. Docta Luc alifurahi sana. Alituambia kwamba kati ya wagonjwa kumi na wawili, wote kumi na wawili wamepona.

Na mimi nilifurahi. Vidole bado vilikuwa na ganzi, lakini nilijiambia kwamba mashini inajua kuliko mimi.

Baada ya sufuria kuanguka nilimwambia Mama Séphora, kiongozi wa kundi letu la sala. Alikuja kwangu siku ile ile, akaketi kabla sijamkaribisha.

“Mama Kaswera, donc mukono inauma tena?”

“Haiume. Haisikie kitu. Njo mubaya zaidi.”

“Ulishatoa ushuhuda. Batu balipiga makofi. Ukisema sasa hauyapona, balokole ba ng'ambo ya barabara batasema nini? Batasema Mungu ya Bakatoliki anaponyeshaka siku mbili tu.”

Nilicheka bila kutaka. Yeye hakucheka.

“Mama Séphora, Jumapili nilisema uongo bila kujua. Leo najua. Nikinyamaza, itakuwa uongo ya kweli. Na Mungu hana haja na uongo yangu ili bamusifu.”

“Ni shetani anakurudisha nyuma.”

“Shetani hakuangusha ile sufuria. Ni vidole.”

Jioni ile, sala ilipokwisha, nilisimama. Niliwaambia kwamba nilishukuru mapema, kwamba sijapona, na kwamba naomba waniombee tena. Baadhi walitazama chini. Mwanamke mmoja alichukua kitambaa chake akatoka. Mama Séphora alianzisha wimbo mwingine haraka. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nilipopiga magoti kando ya kitanda nilisema hivi tu: Bwana, sikuombi unifiche. Nakuomba nionekane nilivyo.

Alhamisi niliitwa bureau pamoja na Hadjara. Aliyeshika orodha ni Nzanzu, mwenye cheo cha ajida, Mnande mwenzetu kutoka Kirumba. Alituita mama kwa heshima zote, na hiyo ndiyo iliyomfanya awe hatari.

“Mama Kaswera. Jumamosi, saa kumi na mbili ya asubuyi, hapa hapa. Ulete ukanda yako.”

“Sitabeba, ajida. Mukono yangu haina nguvu.”

Aliinua nakala ya karatasi yangu. “Hii signature ni ya docta ao ni yangu?”

“Ya docta.”

“Anasema nini?”

“Anasema nimepona. Alikosea.”

Wanajeshi wawili waliokuwa mlangoni walianza kucheka. Ajida akaegemea kiti. “Docta alisoma Ulaya. Mashini yake inaona mpaka ndani ya nyama. Na weye, mubebaji ya soko, unasema balikosea.”

“Mashini iliona mukono siku moja. Miye nalalaka nayo kila siku.”

Hadjara alificha mdomo ndani ya kitenge.

“Bon,” Ajida akasema. Hakuwa akitabasamu tena. “Kesho naenda Butembo kutafuta pièces ya kutengeneza motokari. Utapanda. Batakupiga photo mbele ya macho yangu. Ikisema umepona, utabeba masanduku mbili, na ile docta atabeba pembeni yako, juu ananipotezea wakati.”

“Na ikisema siyapona?”

“Utabaki kwako.”

“Na Hadjara naye bamupige photo.”

Aliinua mabega. “Apande.”

Njiani, tukiwa nyuma ya motokari na makopo matupu, Hadjara alinisogelea. “Dada, kabla ya kuniingiza kwa mambo yako ungeniuliza. Miye nasikia mukono iko na nguvu. Kama photo inasema nimepona kweli?”

Nilikuwa nimefikiri kwamba namsaidia.

Butembo kulikuwa na ukungu na mvua nyembamba. Wanaotoka Beni huisikia baridi ile mpaka kwenye meno. Kavira, muuguzi wa Docta Luc, alitupokea kwenye ukumbi. Ni mwanamke wa miaka yangu, mwenye rozari shingoni.

“Karibuni, ba mama. Munatoka mbali. Muote moto kwanza.”

Mbabula, jiko dogo la chuma, ilikuwa mbele ya benchi, makaa yakiwa mekundu. Alituambia tufunue shingo na mikono. Nikafunga kitenge chini ya makwapa, Hadjara akajifunika mtandio mwepesi. Kavira akatuletea chai ya moto katika vikombe vya bati. Nilipokea changu, na kabla sijafikiri nilikuwa nimekibana kwenye mkono wa kuume na kuunyoosha mkono huo juu ya makaa. Ndiyo kawaida. Mkono wenye ganzi ndio mtu anaoukaribisha kwenye moto.

Ukutani, maandishi ya Docta yalisema: Mgonjwa afunue shingo na mikono, aketi dakika kumi na tano, ndipo apigwe picha.

Nilitazama maandishi. Nikatazama mbabula. Nikatazama mkono wangu.

“Mama Kavira,” nikasema, “siku ya picha yangu ya pili, hii mbabula ilikuwa hapa?”

“Ilikuwa. Mvua ilikuwa inanyesha sana. Ningeacha mugeni akae na baridi namna gani?”

“Na mwezi ya pili, picha ya kwanza?”

“Ile wakati kulikuwa jua. Sikuwasha.”

“Na wagonjwa bengine, picha yao ya pili?”

“Bote baliota moto, tangu mvua ilianza.” Akaweka mkono mdomoni, halafu akaenda kumwita Docta.

Docta Luc alikuja na koti lake jeupe. Chumba cha kamera kilikuwa mwisho wa ukumbi, na wagonjwa waliletwa kwake mmoja mmoja. Alisimama mbele ya mbabula.

“Nani aliweka hii?”

“Miye, docta,” Kavira akasema. “Ulisema bakae dakika kumi na tano. Haukusema bakae na baridi.”

“Sikusema.” Aliyatamka polepole. “Kule nilisoma, hakuna mutu analeta makaa karibu na kamera. Sikufikiri.”

“Docta,” nikasema, “mulinipatia moto, halafu mukaandika nimepona.”

Nilijua ni maneno makali kumwambia mtu aliyenihudumia bila dharau. Lakini hakukasirika. Aliketi kwenye ncha ya benchi kama mgonjwa mmoja wetu na kufuta miwani yake. Kumi na wawili kati ya kumi na wawili: nadhani ndio aliokuwa akiwahesabu.

Ajida Nzanzu alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni. “Ni ujanja hii. Sasa mutatoa moto, huyu mama ataingiza mukono kwa maji ya baridi, atatoka buluu kama nguo ya Bikira Maria.”

Kavira alimtazama mpaka Ajida akageuza macho.

“Kwani unafikiri nitadanganya?” nikamwuliza. “Keti pembeni yangu. Vua shati. Benchi moja, wakati moja, bila moto. Kama ni baridi ya Butembo inageuza mukono buluu, yako nayo itageuka.”

“Miye si mugonjwa.”

“Njo maana nakuomba.”

“Muache,” Hadjara akasema kwa sauti ya huruma. “Mutoto ya Kirumba, anaogopa baridi.”

Ajida akavua shati.

Kavira aliondoa mbabula na vikombe, akafungua dirisha ili joto litoke. Docta aliwasha saa yake na kusema itakuwa dakika ishirini, si kumi na tano. Hadjara alikwenda kuketi katika chumba cha pili, nyuma ya pazia, Kavira akimlinda. Mimi na Ajida tulibaki bega kwa bega, mikono yetu juu ya magoti, bila kuigusanisha. Ngozi yake ilisimama vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa. Mimi sikumcheka.

Nilitaka kusali, nikashindwa kujua niombe nini. Nikiomba mkono uwe wa joto, naomba nipelekwe vitani. Nikiomba uwe baridi, naomba ugonjwa wangu mwenyewe. Nilianza Baba Yetu, nikafika kwenye mapenzi yako yatimizwe, nikasimama hapo. Nikarudia hapo hapo mpaka dakika zikaisha.

Docta alimpiga picha Ajida kwanza. Kwenye kioo, mikono yake miwili ilikuwa sawa kabisa, ya rangi ya chungwa mpaka ncha za vidole. Baridi ilikuwa imeishusha yote miwili kwa kipimo kimoja. Halafu mimi. Mkono wa kushoto ulikuwa kama wa Ajida. Wa kuume ulianza kufifia chini ya kiwiko, na vidole vitatu vya mwisho vilikuwa buluu.

“Tofauti ni degré mbili ya joto,” Docta akasema. “Niminye vidole, mama.” Nikambana kwa nguvu zangu zote. Alitikisa kichwa. “Picha peke yake haiseme yote, lakini inasema sawa na vidole. Diski ingali inakanyaga. Mwezi ya pili buluu ilianza juu ya kiwiko, sasa iko chini. Donc shingo iko napona, lakini haiyapona. Unahitaji majuma sita zingine, na usibebe kitu.”

Ndipo nilipolia, mara ya kwanza tangu sufuria. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi wangu ulikuwa mkono mgonjwa. Kavira alinifunga kitenge mabegani.

Hadjara alipigwa picha mwisho. Mikono yake ilitoka sawa, na alipomminya Docta vidole, Docta alikunja uso. Yeye alikuwa amepona, moto au bila moto.

“Alhamdulilahi,” Hadjara akasema, akafunga mtandio wake. Kisha akamtazama Ajida.

“Bon,” Ajida akasema, akivaa shati haraka. “Huyu anabaki. Huyu anabeba.”

Docta Luc alikuwa ameanza kuandika. Aliandika barua moja ya kufuta karatasi zote kumi na mbili, na kusema kwamba wagonjwa kumi waliobaki watapigwa picha upya. Kisha akaandika karatasi mbili mpya, yangu na ya Hadjara. Ajida alisoma ya Hadjara akageuza upande wa pili.

“Umeandika mikono yote ni sawa. Wapi maneno ‘anaweza kazi’?”

“Ile siandike tena.”

“Juu ya nini?”

“Juu naona mulivyosoma. Kamera inapima joto. Nitaandika joto. Kazi ya kubeba risasi haiko kwa kioo yangu.”

“Naweza kuchukua hii kamera leo.”

“Unaweza,” Docta akasema. Hakuinuka kuilinda. “Utaona nayo kama batu bako na joto. Basi.”

Ajida hakuichukua. Alizikunja karatasi, akazitia mfukoni, tukarudi Beni.

Jumamosi asubuhi ningeweza kubaki nyumbani. Hadjara alipita mbele ya mlango wangu akiwa peke yake, amevaa kitenge chake kizuri cha sikukuu, na mgongoni hakuwa na kitu. Nilichukua rozari nikamfuata. Yeye alikuwa amenifuata Butembo bila kuulizwa.

Mbele ya bureau masanduku yalikuwa yamepangwa, na wanawake kama ishirini walisimama na kanda zao. Ajida alisoma majina. Alipofika kwa Hadjara aliinua macho.

“Ukanda yako iko wapi?”

“Niliwashia nayo moto ya chai.”

“Uko mugonjwa?”

“Hapana. Nimepona kabisa, uliona weye mwenyewe. Majuma sita balinivuta shingo na mufuko ya muchanga. Habakunivuta ili nibebe masanduku yako.”

“Mama, hapana kuniaibisha mbele ya batu. Batakubebesha kwa nguvu.”

“Baweke sanduku. Nitaketi nayo.” Na akaketi, pale pale kwenye udongo mwekundu, akikunja kitenge chake cha sikukuu ili kisichafuke sana.

Nikaketi kando yake.

“Weye uko na karatasi,” Ajida akaniambia kwa sauti ya chini. “Enda kwako.”

“Karatasi inasema mukono. Haiseme fasi ya kukaa.”

“Sasa nani atabeba?” Sasa alikuwa akipaza sauti.

“Ulipigwa photo,” Hadjara akasema. “Mikono yako iko sawa.”

Mwanajeshi mmoja alimpiga Hadjara teke la mgongo. Hakuinuka. Nyuma yetu nilisikia mtu akishusha pumzi, kisha mwanamke mmoja akaketi, na mwingine. Walikuwa sita au saba. Waliobaki walichukua masanduku, wengine wakilia, na siwahukumu, maana mimi niliyabeba mwezi wa kumi na moja. Masanduku yaliyokosa mgongo, wanajeshi waliyainua wenyewe mabegani. Walitutukana mpaka walipopotea njiani.

Wale wengine walioketi waliachwa waende, lakini sisi wawili wanajeshi waliobaki walitufungia katika chumba cha nyuma cha bureau, siku mbili. Hadjara alisali sala zake akitazama kona, mimi zangu nikitazama mlango. Wakati mwingine tulianza pamoja bila kupanga. Usiku sakafu ilikuwa baridi, na aliukamata mkono wangu wa kuume akausugua katikati ya mikono yake.

“Acha,” nikamwambia, “utaharibu picha.”

“Hapa hapana photo. Lala.”

Jumatatu Ajida Nzanzu alifungua mlango mwenyewe. Bega lake la kushoto lilikuwa limechubuka. Aliona kwamba tumeliona.

“Muende.”

“Na orodha?” nikauliza.

“Orodha iko.”

“Majina yetu?”

“Iko pale.”

“Sawa,” Hadjara akasema, akijipangusa vumbi. “Mwezi inakuya utatukuta tumeketi.”

Ajida alisimama mlangoni, funguo mkononi. Tulipita mbele yake. Jumanne nilipanda lori kwenda Butembo, kuvutwa shingo.